Stoo ya Madekio Iliyozinduliwa Kitaifa

Kila muuguzi mpya anayeletwa idara yetu huanza kazi kwa kupotea. Anaambiwa akaripoti kwenye chumba cha kupandikizia uloto. Anapita koridoni, anaona bamba la shaba linalong'aa lenye jina la chumba na jina la mheshimiwa aliyekizindua, anavuta pumzi, anagonga kwa adabu. Akifungua anakutana na ndoo, madekio, madumu ya sabuni na fagio la chelewa lililosimamishwa kichwa chini. Wengine walikuwa wakirudi kuniuliza kwa sauti ya chini kama huo ndio utaalamu wenyewe.

Sasa nimestaafu, na nyie wadogo zangu mliobaki kazini mmenisumbua niandike. Habari za vyeo na semina zimo kwenye faili langu, atakayezitaka akazisome huko na usingizi umchukue. Mie nitawaeleza lile bamba, kwa sababu nikishalieleza hilo nitakuwa nimeeleza karibu yote niliyoyafanya.

Nilianza kazi Temeke, wodi ya watoto, na kwa miaka mingi wagonjwa wangu wakubwa walikuwa watoto wa selimundu. Ugonjwa huo mnaujua: damu inabadilika umbo, inaziba njia, mtoto analia mifupa mpaka sauti inamwisha. Sie tulikuwa na dawa za maumivu, maji ya dripu na maneno ya kubembeleza. Rehema nilimpokea akiwa mchanga, mgongoni kwa mama yake, Mama Shabani wa Tabata, mwanamke mwembamba asiyejua kuzungumza polepole. Alipofika darasa la tano, Rehema alipata kiharusi. Mdomo ukaenda upande, mkono wa kushoto ukalegea. Alipona kiasi, lakini madaktari wakasema cha pili kikija kitaondoka naye. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikapika wali nikausahau jikoni mpaka ukaungua, na mie si mtu wa kuunguza wali.

Wakati huo nilikuwa nimeshahamia hospitali yetu hii ya njia ya Pugu, mbele ya Ukonga, na hapo ndipo nilipomjua Daktari Nandonde. Ni Mmakonde wa huko Ndanda, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza kana kwamba anaomba radhi kwa kila sentensi. Alikuwa amerudi masomoni ng'ambo. Alinikuta kwenye korido akanishika mkono.

"Sista, shikamoo."

"Marahaba, daktari."

"Samahani, Sista. Tunataka kuanzisha upandikizaji wa uloto."

"Wapi?"

"Samahani, hapa."

Nikatazama alikoonyesha. Kilikuwa chumba cha kuwekea magodoro mabovu, na juu ya godoro la kwanza alilala paka wa hospitali na wanawe. Nikamuuliza kama paka ameshaarifiwa. Hakucheka. Alinieleza kwamba uloto ni kile kiini ndani ya mfupa kinachotengeneza damu, kwamba ukiua ule mbovu wa mgonjwa kwa dawa kali ukampa wa ndugu yake uliolingana naye, damu mpya inaota. Mtoto wa selimundu anaweza kupona kabisa. Nilimuuliza mara mbili hilo neno kabisa, akalirudia mara mbili. Nikamwambia paka nitamhamisha mwenyewe.

Nilipelekwa India kujifunza. Mkuu wa wodi yao alikuwa bibi mmoja mkali, mfupi, aliyevaa viatu vya mpira na kunukia karafuu. Hakunifundisha dawa, alinifundisha mlango. Mgonjwa akishafyekwa uloto hana kinga hata ya kupigana na ukungu wa mkate, kwa hiyo chumba chake lazima kipulize hewa iliyochujwa kutoka ndani kwenda nje, muda wote, ili uchafu usipate pa kuingilia. Mitambo ya kupima jambo hilo ipo, na ni ya gharama, na huharibika. Yule bibi alikuwa na kipande cha karatasi ya tishu. Alikibandika juu ya mwanya mdogo chini ya mlango wa kioo, upande wa korido. Kikipepea kuelekea nje, hewa inatoka na mgonjwa yu salama. Kikisimama, alisema, unakimbia, hata kama umevaa sari. Nilirudi Dar na bunda zima la tishu kwenye sanduku, na afisa wa uwanja wa ndege akanitazama kwa huruma.

Ujenzi ulikuwa kazi. Fundi wetu alikuwa mtu mzuri lakini hakuna aliyeweza kumshawishi kuhusu chumba kisichofunguka dirisha. Alitia madirisha mawili makubwa yanayofunguka mpaka mwisho, akaniita nione.

"Mama, hapa mgonjwa atapata hewa ya Pugu yote. Msitu mtupu!"

Tukayaziba. Akaacha upenyo chini ya mlango unaoweza kupitisha kuku, ili maji ya kudeki yapate njia. Tukauziba, tukabakiza mwanya wangu. Siku alipoleta mlango wenyewe wa kioo na fremu ya aluminiamu, tuliupenda sana mpaka naye akafurahi, na kwa furaha hiyo akatengeneza mwingine vilevile, rangi ileile, kitasa kilekile, akaufunga kwenye stoo ya madekio iliyo jirani. Nilimgombeza. Mwende mkamwombee dua popote alipo.

Kutafuta mtoaji kulikuwa sherehe nyingine. Tulimwambia Mama Shabani atuletee ndugu wa Rehema wa baba mmoja mama mmoja. Akaja na ukoo. Walikuja mabinamu, mashemeji, mama wa ubatizo wa jirani, na mjomba mmoja aliyesema yuko tayari kutoa chochote mradi kisitoke nyongani, na uloto huvunwa hapo hapo. Kila mmoja alikuwa na chakula. Ilibidi niwapange kwenye benchi na kuwapunguza kama refa, na waliopunguzwa walinuna kana kwamba nimewatoa kwenye mirathi. Mwishowe akabaki Shabani, kaka mkubwa, dereva wa bodaboda mwenye kijiwe chake palepale Tabata. Vipimo vikasema amelingana na mdogo wake barabara.

"Sasa we dogo," alimwambia Rehema, "ukishapata damu yangu, utashabikia timu yangu. Hakuna namna."

"Mie? Bora nibaki na kiharusi."

Mama yao akampiga kofi la bega, kisha akageuka ukutani akalia. Nilimwacha alie.

Tulimlaza Rehema kwenye chumba kipya, tukaanza dawa. Kwa siku kadhaa alikuwa ndani ya kioo na sie tukiingia mmoja mmoja, tumenawa mpaka viwiko, tumefunika nywele, pua na viatu. Wageni walisimama koridoni, wakazungumza naye kwa simu ya ukutani, na kwa kuwa hawakuamini kwamba simu inatosha, walipiga pia kelele. Aliniuliza kile kikaratasi cha tishu kinachochezacheza chini ya mlango ni cha nini. Nikamwambia ni askari wangu, kikipepea hakuna mdudu anayepita. Tangu hapo kila nilipoingia aliniambia, "Sista, askari yupo kazini," na mie nikampigia saluti.

Hapo ndipo alipotokea Bwana Itifaki.

Huyu alikuwa ofisa aliyepewa jukumu la uzinduzi. Jina lake lipo, ila sie tulimwita hivyo kwa sababu hakuweza kusema hata habari za asubuhi bila kutaja itifaki. Chumba kilitakiwa kizinduliwe na mheshimiwa kabla hakijapata mgonjwa, na tulikuwa tumekubaliana siku. Mheshimiwa akapata udhuru. Tukapanga siku nyingine, akapata udhuru mkubwa zaidi. Ikaahirishwa tena mpaka yale maturubai yaliyofungwa uwanjani yakaota ukungu, na Daktari Nandonde akasema samahani, mgonjwa hangoji, tunaanza. Tukaanza. Bwana Itifaki akaja mbio na koti lake jeusi.

"Sista, furahi! Mheshimiwa amepata nafasi. Jumatano."

"Jumatano tunapandikiza."

"Safi sana. Ataona kwa macho yake."

"Haoni kitu. Kile chumba haingii mtu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa utepe ataukatia wapi?"

Daktari akamweleza taratibu kwamba uloto wa mtoto umeshafyekwa. Hauwezi kurudi. Kaka yake anaingia chumba cha upasuaji Jumatano asubuhi, tunamvuna, tunampa dada yake mchana huohuo. Tukichelewa, mtoto anabaki hana kitu ndani ya mifupa.

"Hata siku mbili?"

"Samahani, hata siku mbili."

"Basi mheshimiwa aingie na wachache tu."

Nikamuuliza wachache ndio akina nani. Akaanza kuhesabu kwa vidole: mheshimiwa, msaidizi wake, walinzi, viongozi wa mtaa, waandishi, wapiga picha, kamati ya maandalizi. Kikundi cha ngoma kingeishia mlangoni, alisema, kwa heshima ya mgonjwa. Nikamwambia atakayevuka mlango ule na viatu vyake atanipitia mie kwanza, na mie ni Mzaramo wa Temeke, siogopi gari lenye bendera. Akasema uzinduzi ukifutwa hospitali itaonekana imemdharau mheshimiwa, na ikionekana hivyo hatutapata hata kichujio kimoja cha hewa cha kubadilisha. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Bila vichujio hakuna Rehema wa pili wala wa tatu.

Tulisimama koridoni sote watatu. Mbele yetu kulikuwa na milango miwili ya kioo, rangi ileile, kitasa kilekile.

"Bwana Itifaki," nikasema, "itifaki inasemaje hasa?"

"Inasema mheshimiwa atazindua chumba."

"Inasema chumba kipi?"

Alitazama mlango mmoja, akatazama wa pili. Kisha uso wake ukafunguka, na nakiri kwamba kwa mara ya kwanza nilimpenda.

"Haisemi," akasema.

Daktari Nandonde akavua miwani akaifuta. "Samahani," alisema, "Jumatano mie nitakuwa chumba cha upasuaji. Sitaona chochote na sitasikia chochote." Akaondoka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akitembea.

Tukatoa madekio na ndoo. Tukapaka rangi. Tukaleta kitanda, mashine moja mbovu inayowaka taa tatu bila kufanya lolote, na stendi ya dripu. Bwana Itifaki akatazama akasema chumba bila mgonjwa hakipendezi kwenye televisheni. Mtu pekee asiyekuwa na kazi alikuwa Mzee Likwata, mtunza stoo, kwa kuwa stoo yake tulikuwa tumeshaichukua. Alikuwa Mmakonde wa Newala, mwenye kifua kipana cha mchonga mipingo na afya ya kuudhi. Tukamvika kofia ya karatasi, barakoa na gauni la wagonjwa lililomfika magotini.

"Usiseme neno," nikamwambia.

"Nikohoe kidogo?"

"Usikohoe."

"Niugulie basi, Sista. Watu watanishangaa mgonjwa gani huyu."

"Lala, mzee, ufumbe macho."

Jumatano ikafika. Asubuhi Shabani alivunwa uloto kwenye nyonga, usingizini, bila shida yoyote. Ulikuja kwenye mfuko, mwekundu mzito, wa kawaida kabisa. Tuliutundika, tukauunganisha na mpira wa dripu uliokuwa kifuani kwa Rehema, ukaanza kushuka tone kwa tone. Alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa, amefumba macho na kushika shuka. Baadaye akafumbua jicho moja.

"Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

"Sasa mama analilia nini pale?"

Nilimwacha na muuguzi mwenzangu aliyekaa kuangalia dripu na vipimo, nikanawa, nikatoka nje kumpokea mheshimiwa, kwa maana ilikuwa lazima sista mkuu wa idara awepo. Nje palikuwa harusi. Maturubai, viti vya plastiki vilivyofungwa vitambaa, matarumbeta, akina mama wa vikundi wenye sare za kitenge, na MC aliyevaa suti inayometameta akiwa kati ya spika mbili ndefu kunizidi. Msafara ukaingia kwa ving'ora. Wakatambulishwa watu, kisha wakatambulishwa waliosahaulika kutambulishwa. Itifaki ikazingatiwa, ikazingatiwa tena. Mheshimiwa akasimama kuhutubia, na wakati huo mie nikatoroka kidogo, nikasema nipite koridoni kumchungulia mtoto kabla utepe haujakatwa.

Kikaratasi kilikuwa kimesimama.

Kilining'inia tu, kimenyooka chini, hakitikisiki. Niliinama nikakitazama kwa karibu nikidhani macho yangu. Nikatega sikio na sikusikia ule mngurumo wa feni ya kusukuma hewa tuliouzoea kiasi cha kuusahau. Taa ndani zilikuwa zinawaka kwa sababu zilikuwa za laini nyingine, na mwenzangu alikuwa amenipa mgongo anahesabu matone. Wadogo zangu, nimezalisha wanawake gizani, nimewahi kushika mkono wa mtu anayekata roho huku nikimshika mwingine anayezaliwa. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa pale. Mtoto hana kinga hata chembe, na nje ya mlango wake kuna vumbi la mtaa mzima lililokuja na viatu vyake.

Nikakimbia kwenye kichumba cha mitambo. Mlango ulikuwa wazi, na ndani yake waya wa rangi ya chungwa ulitoka kwenye soketi ya feni, ukapita dirishani, ukatambaa uwanjani, ukaishia kwenye zile spika. MC na vijana wake walikuwa wameuliza umeme usiokatika upo wapi, na mtu mwenye nia njema akawaonyesha. Laini ile ilikuwa ya feni peke yake. Spika zilipoguruma, kikatio cha umeme kikajikata, na wao wakahamia kwenye soketi ya pili, ya jenereta, ambayo nayo ilikuwa ya feni, ya akiba. Hawakuona tatizo lolote. Muziki ulikuwa unalia.

Nikachomoa.

Nje ukimya ukaanguka. Mheshimiwa alikuwa katikati ya sentensi, na baadaye niliambiwa sentensi yenyewe ilikuwa inahusu umeme wa uhakika. Hakuna aliyeshangaa. Umeme ukikatika Dar nani anauliza umekatwa na nani? Akina mama wakapiga vigelegele kumtia moyo, yeye akapaza sauti akaendelea bila kipaza sauti, na watu wakampenda zaidi. Mie nilikuwa kule ndani, nikarudisha kikatio, mara ya kwanza kikakataa, mara ya pili kikashika. Feni ikaguna, ikajivuta, ikaanza. Niliutoa ule waya dirishani wote, nikaukunja, nikaukalia. Kisha nikarudi mlangoni kwa Rehema nikapiga magoti, na kikaratasi kikainuka polepole, kikaanza kupepea.

Nilifika stoo wakati utepe unakatwa. Mheshimiwa akaingia, kamera zikaingia, akasifu usafi wa sakafu, na hapo hakudanganywa maana ni mahali ambapo madekio yote ya hospitali yalilala miaka. Akafunua bamba. Kisha akainama juu ya kitanda.

"Shikamoo mzee wangu. Unaendeleaje?"

Niliomba Mungu amfunge mdomo. Mzee Likwata akafumbua macho taratibu.

"Marahaba, mheshimiwa. Damu yangu ilikuwa imekwisha yote."

"Pole sana. Na sasa?"

"Sasa naisikia inapanda. Imeanzia miguuni, hapa imefika magotini."

Chumba kizima kikapiga makofi. Mheshimiwa alifuta machozi, ya kweli, na akaahidi vichujio, na vichujio vikaja. Kwa hiyo kuhusu siku hiyo sijuti hata kidogo. Lakini Mzee Likwata alionekana kwenye taarifa ya habari, na Newala wana televisheni. Basi likashusha nduguze getini na kuku, korosho na vilio. Walimkuta amebeba madumu mawili ya sabuni, moja kila bega. Badala ya kutuona waongo, wakaona muujiza. Watu wa Pugu nao wakaanza kuja kuulizia chumba cha yule mzee, wakapanga foleni mbele ya stoo, na yeye akawa anawapokea kwa heshima na kuwaambia leo daktari hayupo. Ndugu zake walitaka kujua amepewa damu ya nani. Aliona taabu kueleza, akanionyesha mie. Tangu siku hiyo mie ni dada yake. Sina njia ya kutoka. Nimeshaalikwa Newala kwenye unyago, kwenye harusi, na kwenye kikao cha kugawana mikorosho, ambako nilipewa mmoja kwa kuwa ni damu.

Ndani ya kioo hakukuwa na mchezo. Chembe nyeupe za damu ya Rehema zilikuwa zimefika chini kabisa, na kila asubuhi Daktari Nandonde alikuja na majibu yaleyale, akasema samahani. Siku moja homa ikapanda. Mtoto akatetemeka mpaka kitanda kikalia. Nilijua ilikuwa kawaida ya wagonjwa wa aina hii, nilifundishwa hivyo, lakini moyoni nilikuwa naona kile kikaratasi kilichonyooka, na sikuwa najua kilisimama kwa muda gani kabla sijakikuta. Tulimpa dawa moja, tukaongeza ya pili. Shabani alikuja kila siku akichechemea, akasimama kwenye kioo na jezi yake, akaongea na mdogo wake kwenye simu ya ukutani hata alipokuwa hajibu. Mama yake aliacha kabisa kuongea, na mie niliyezoea kumwomba apunguze maneno nilitamani hata anitukane.

Homa ikashuka. Halafu asubuhi moja Daktari alikuja na karatasi ya maabara akasimama mbele yangu, na hakusema samahani. Aliikabidhi tu. Chembe zilikuwa zimeanza kupanda, chache, zile za kwanza, na hazikuwa zake, zilikuwa za Shabani zilizokwenda kuota kwa dada yake. Nilikwenda kwenye simu ya ukutani.

"Rehema, uloto umekubali."

Alikuwa dhaifu, midomo imechanika. Akafikiri.

"Mwambie Shabani timu yake sishabikii."

Bamba je? Wengi mmeniuliza kwa nini halikuhamishiwa kwenye chumba chake. Tuliomba. Tukajibiwa kwamba bamba lililofunuliwa na mheshimiwa linaweza kuondolewa na mheshimiwa wa cheo hichohicho au zaidi, kwa sherehe. Hakuna aliyepata nafasi. Kwa hiyo kwenye kumbukumbu stoo ni chumba cha kupandikizia uloto, na chumba cha uloto ni stoo, ndiyo maana mpaka leo vichujio vyenu vinashushwa kwa madekio na sabuni ya maji inagongewa mlango wa mgonjwa. Watoto wamepona humo ndani, kwenye chumba ambacho kiserikali hakijafunguliwa.

Nilipostaafu mlisema mnataka kunifanyia jambo. Mlinificha, mkanivika shada, mkaniambia leo tunazindua chumba chenyewe, na mgeni rasmi ni Rehema. Sikuwa nimemwona kwa muda. Alikuja na mama yake na Shabani, mwanamke mzima, mrefu, mkono wa kushoto bado mzito kidogo, ana suruali yenye mifuko mingi kwa maana anasomea ufundi umeme. Maturubai yalikuwepo, matarumbeta yalikuwepo, hata yule MC, tumbo limemtoka, na spika zake. Rehema alishuka kwenye bodaboda ya kaka yake, akapita mbele ya meza kuu yote bila kumsalimia mtu.

"Spika mmechomeka wapi?"

MC akaonyesha. Rehema akaufuata waya mpaka mwisho wake, akauchomoa, akauhamishia kwenye nguzo ya nje, ndipo akarudi kunipa shikamoo. Kisha akaenda kwenye sinki la koridoni akakunja mikono ya shati. Akanawa vidole, katikati ya vidole, viganja, mpaka viwikoni, kama nilivyomfundisha mama yake. Meza kuu ikangoja, tarumbeta moja likakosea likalia peke yake likanyamaza. Akakausha mikono. Akafika kwenye utepe, akaukata, na hakuingia. Ndani kulikuwa na mtoto mdogo wa kiume, amekaa kitandani na kofia yake, anatushangaa. Rehema alimpungia mkono kupitia kioo, kisha akachuchumaa mbele ya mlango. Nikachuchumaa naye, magoti yangu yakalia. Kikaratasi kilikuwa kinapepea.

"Siku ile kilisimama," alisema taratibu.

Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumwambia mtu isipokuwa Daktari.

"Nilikiona tangu kilipoanza kulegea. Yule sista mwenzako alikuwa ananiangalia dripu. Nikataka kumwambia, nikaona nikisema nitamtisha mama pale nje, na mama alikuwa ameshalia vya kutosha."

"Ukafanya nini?"

"Nikabana pumzi. Nikawa navuta kidogo kidogo, ili uchafu usiingie mwingi. Nikasema Sista atakuja tu, huwa hapitishi muda bila kuja kumwona askari wake." Akanitazama, na ule mdomo wake ukaenda upande kidogo, kama unavyoenda mpaka leo akitabasamu. "Nikaona magoti yako hapo chini ya mlango, nikavuta pumzi yote."

MC akatangaza kwamba sasa ni zamu ya Sista kutoa neno, na akanipa kipaza sauti. Nikakishika, nikakirudisha, nikabaki nimechuchumaa pale pale nikimshika mkono.